Shimo likianguka ndani ya kichwa: ni mazungumzo gani yanasaidia kweli?

Mwezi wa tano mwaka jana, komite ya sendika yetu ilikutana hapa Uvira, mtaa wa Mulongwe, siku ya Mungu nyuma ya misa. Mu kasha ya mshikamano mulikuwa dola 420. Swali lilikuwa moja tu: hizi pesa tuzifanyie nini kwa ajili ya ndugu zetu waliotoka wazima mu shimo lililoanguka, lakini mpaka leo hawajapona?

Wamoja walitaka semina ya siku moja. Kukodi salle, kuita mtu anayejua kuongea, kupikia watu 40 bugali na ndagala, kila mtu arudi kwake na kitu kidogo mu mfuko. Wengine, na miye nilikuwa kati yao, tulitaka kulipia ndugu 8 moto ya kuwapeleka ku kituo cha afya kila wiki, muda wa wiki 12. Safari moja, kwenda na kurudi, ni karibu dola 4. Watu 8 mara wiki 12 ni safari 96. Hiyo ni dola 384. Pesa haikutosha kwa yote mawili.

Tulibishana mpaka giza likaingia. Naandika haya juu najua kuna komite zingine, upande wa Misisi, wa Kamituga ao wa Luhwindja, ambazo zitafika ku swali hilo hilo. Na kuna mama wengi ku nyumba wanaojiuliza wapeleke bwana wao wapi, sababu kila mtu ana shauri lake na kila shauri lina bei yake.

Habari ya Yaya

Kuna ndugu mmoja, hapa nitamwita Yaya tu, sababu ananipita miaka mitano na ndiye alinifundisha kushika nyundo. Yeye mwenyewe aliniruhusu kueleza habari yake, bila jina. Alikuwa mkubwa wa timu mu shimo moja upande wa Fizi. Ilikuwa Novemba. Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi waliingia, wakapima mbao, wakaona zinasimama, wakafanya kazi mpaka saa sita. Walipotoka kula, Yaya alimtuma kijana wa miaka 19 arudi chini kuchukua nyundo na tochi. Udongo ulifunga ile saa ile. Tulichimba siku tatu. Tulimtoa siku ya nne.

Baada ya maziko, Yaya alianza kulala ku baraza. Alisema akilala ndani anaona paa linashuka. Camion ikipita barabarani na kishindo, anaruka. Alikuwa anazunguka mbali kabisa ili asipite ku mtaa ambako mama wa yule kijana anakaa. Kanyanga, ambayo zamani alikunywa siku ya malipo peke yake, akaanza kuikunywa asubuhi. Siku moja akampiga mtoto wake juu ya sahani iliyoanguka, kisha akakaa chini akalia kuliko mtoto.

Mama watoto alinipigia simu: « Shemeji, kuja uone ndugu yako. Tulimzika mutoto wa watu, lakini naona huyu wangu naye anaenda. »

Nilipofika, Yaya aliniambia neno moja tu: « Miye siko mwenda-wazimu. » Nikamjibu: « Yaya, hakuna aliyesema una wazimu. »

Siyo wazimu, na siyo uoga

Tuelewane kwanza juu ya hilo. Mtu aliyeona kifo karibu, mwili wake unabaki kama mlinzi ambaye hajaambiwa kwamba mwizi alishaenda. Halali. Anashtuka. Picha ya ile siku inarudi yenyewe, usiku ao mchana. Anakimbia kila mahali na kila mtu anayemkumbusha. Wengine wanakuwa wakali, wengine wanakuwa baridi, hawasikii furaha wala uchungu. Mawazo yanazunguka palepale: ni kosa langu, sina faida tena, hakuna mtu wa kuamini.

Mu wiki za kwanza, karibu kila mtu anapata kidogo ya hayo, na wengi wanapona bila munganga yeyote: wanalala tena, wanarudia kazi, wanacheka na wenzao. Lakini mwezi ukipita, miezi miwili ikapita, na mtu bado anashindwa kulala, kufanya kazi ao kukaa na watoto wake, hapo si jambo la kungoja tu. Ni ugonjwa unaotibika, kama vile mfupa uliovunjika vibaya.

Sisi watu wa hapa tuna sababu nyingi za kuujua. Septemba 2020, pale Kamituga, mvua ilijaza mashimo na watu wapatao 50 waliripotiwa kufa. Aprili ya mwaka ule ule, hapa Uvira, mto Mulongwe ulijaa ukabeba nyumba na watu. Na vita, sina haja ya kuwaeleza. Mtu anaweza kuwa na shimo, mto na risasi vyote mu kichwa kimoja.

Vitu tulivyojaribu kwanza

Familia ilianza na maombi. Sisemi vibaya juu ya maombi. Wale mama wa kanisa walikuja kila jioni, wakakaa naye, wakaleta unga. Hilo lilimsaidia kutokuwa peke yake. Lakini usingizi haukurudi.

Kisha wakanunua vidonge vya usingizi ku butiki ya dawa, bila karatasi ya munganga. Alilala. Vilipokwisha akazidi kuwa mbaya, akavitafuta kama vile anatafuta kanyanga. Shirika la Afya Ulimwenguni, ile tunaita OMS, mu maelekezo yake ya 2013 linakataza waganga kutoa aina hiyo ya vidonge, kama diazepamu, kwa mtu mzima mu mwezi wa kwanza kwa kutibu mshtuko wa namna hiyo. Vinaficha na vinazoesha, haviponyeshi.

Lakini kitu kilichomuumiza zaidi kilikuwa kile tulichofikiri ni kizuri. Wiki moja nyuma ya maziko, wageni walikuja, wakakusanya timu yote mu salle. Kila mtu akaombwa kusimama na kueleza mbele ya wengine yote aliyoona, mpaka mwisho. Walisema uchungu ukitoka nje, moyo unapona. Zamu ya Yaya ilipofika, alieleza mpaka pale alipomtuma kijana, akashindwa. Mwenzake mmoja akapiga kelele: « Kumbe ni weye ulimutuma! » Jioni wageni walipanda gari wakarudi kwao. Yaya alibaki na hilo neno.

Hapo nilikuja kujua kitu ambacho kilinishangaza: njia hiyo ya kukusanya watu mara moja, siku chache nyuma ya msiba, na kuwasukuma waeleze yote, ilipimwa mara nyingi mu inchi mbalimbali, na haikuonekana kuzuia ugonjwa. OMS inasema isitumiwe. Kinachofaa mu siku za kwanza ni chepesi zaidi: kuangalia nani yuko mu hatari, kumsikiliza yule anayetaka kusema bila kumlazimisha, na kumuunganisha na watu wake, na chakula, na mahali pa kulala. Njo maana nilisimama mu komite kupinga semina ya siku moja.

« Inasaidia »: tunajua namna gani?

Mzee mmoja wa komite aliniuliza swali zuri: « Kila mtu anasema dawa yake inaponyesha. Weye utajuaje? »

Nilimjibu kwa mfano wa kazi yetu. Tuseme mwenye shimo mmoja ananunua motopompe mwezi wa tano. Mwezi wa saba shimo lake ni kavu. Anasifu motopompe mu kijiji chote. Lakini jirani yake hana motopompe, na shimo lake nalo ni kavu. Juu ya nini? Ni kiangazi. Yule wa kwanza anashukuru mashine, kumbe ni majira.

Kwa kujua kama motopompe inafanya kazi, chukua mashimo mengi ya mlima mmoja. Piga kura. Nusu yapate motopompe, nusu yasipate ao yapate njia ingine. Mvua iwe ile ile. Kisha upime maji mu yote, kwa kamba moja, siku moja. Tofauti ikionekana hapo, njo utasema.

Waganga wanafanya vivyo hivyo na mazungumzo. Mtu mmoja akipona, inaweza kuwa ni miezi iliyopita, ao chakula, ao ndugu aliyerudi. Kundi zima likipona kuliko kundi lingine lililochaguliwa kwa kura, hiyo ni habari ingine. Njia iliyopita mu mtihani huo njo tunaita njia yenye ushahidi.

Mtihani uliofanyika hapa kwetu

Watu wengi wanafikiri mambo hayo ni ya Ulaya. Hapana. Mtihani mmoja ulio maarufu sana mu dunia kwa jambo hili ulifanyika hapa, mu vijiji vya Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, mu 2011. Ulifanywa na shirika la IRC pamoja na watu wa chuo kikuu cha Johns Hopkins na cha Washington, Marekani. Matokeo yalitoka 2013 mu gazeti kubwa la waganga. Judith Bass njo aliongoza uandishi wake.

Walikuwa mama 405 waliopata ao walioshuhudia jeuri ya ngono, na wote walikuwa na dalili nzito. Vijiji vilipigiwa kura. Mu vijiji 7, mama 157 walipata matibabu ya kuchambua mawazo: mkutano mmoja wa mtu peke yake, kisha mikutano 11 ya kundi dogo. Mu vijiji 8, mama 248 walipata msaada wa kawaida: kusikilizwa na msaidizi, kila mmoja kwa wakati wake anapohitaji.

Makundi yote mawili yalipata nafuu. Hilo tulishike: kusikilizwa tu kuna faida. Lakini miezi sita nyuma ya matibabu, mu vijiji vya msaada wa kawaida mama 42 ku 100 walikuwa bado na dalili za huzuni nzito ao wasiwasi. Mu vijiji vya matibabu ya kundi walikuwa 9 tu ku 100.

Nani waliongoza hayo makundi? Haikuwa waganga wala watu wenye digri. Walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia-jamii, wale tunaita APS, watu wa hapa wenye masomo ya sekondari, ambao walifundishwa na kisha kufuatiliwa. Na sababu mama wengi hawakujua kusoma, masomo yaligeuzwa kuwa mambo ya kushika mu kichwa, si ya kuandika mu daftari. Tena hawakulazimishwa kueleza ubaya wote mbele ya kundi. Kazi ilikuwa ku yale mawazo yaliyobaki: ni kosa langu, nimechafuka, sitaaminiwa tena.

Tuseme na upande wa pili. Vijiji vilikuwa vichache, si kila mama alifika ku vipimo vyote, na walikuwa wanawake, haikuwa wachimbaji. Kwa hiyo sisemi itatufaa sisi sawasawa. Nasema ni njia iliyopimwa karibu na mlango wetu, mu vita yetu na mu umaskini wetu. Na haiko ya mama peke yao: mu mtihani mwingine uliotoka 2013, wa wavulana 50 wa hapa mashariki mwa Kongo, wamoja wao waliokuwa askari watoto, nusu yao walifuata mikutano ya kundi ya namna inayofanana, na walipata nafuu kubwa kuliko wale waliokuwa bado wanangoja zamu yao.

Njia ni nyingi, kila moja na shida yake

Hakuna dawa moja ya magonjwa yote. Nyundo haipampi maji.

Kuna matibabu ya kusimulia maisha. Wanachukua kamba, inakuwa ndiyo maisha yako tangu kuzaliwa. Unaweka maua pale palipokuwa na jambo zuri, unaweka mawe pale palipokuwa na ubaya. Kisha, mkutano kwa mkutano, unasimulia jiwe moja moja kwa utaratibu, ukiwa na mtu mmoja aliyefundishwa, mpaka kila jiwe likae mahali pake mu wakati uliopita. Ona tofauti na ile salle: hapa ni polepole, ni siri, na mtu hakuachi katikati ya jiwe. Ilipimwa kwa wakimbizi wa Rwanda na wa Somalia ku kambi ya Nakivale, Uganda, na waliotoa matibabu walikuwa wakimbizi wenzao. Ilipimwa pia Goma kwa wapiganaji wa zamani. Inafaa kwa mtu ambaye picha za ubaya zinamrudia, hasa kama ubaya ni mwingi.

Kuna matibabu ya mahusiano, kwa mtu mwenye huzuni nzito: aliyefiwa, anayegombana ku nyumba, ao ambaye maisha yake yamegeuka ghafla, kama vile mchimbaji aliyekatika mguu. Ilipimwa mu vijiji 30 vya Rakai na Masaka, Uganda, na matokeo yakatoka 2003. Vijiji 15 vilikuwa vya makundi ya wanaume, 15 vya wanawake. Wiki 16 za mikutano. Mwishoni, mu makundi waliobaki na huzuni nzito walikuwa karibu 7 ku 100, na mu vijiji vingine karibu 55 ku 100. Kwa hiyo yule anayesema wanaume hawawezi kukaa chini na kuongea, aende akaulize Masaka.

Kuna pia njia fupi ya OMS ya kusimamia matatizo, mikutano mitano tu: kutuliza mwili, kukata shida moja vipande vipande, kurudia kazi kidogo kidogo, kutafuta watu wa kukushika mkono. Ilipimwa Nairobi kwa wanawake waliopata jeuri, ikiongozwa na wahudumu wa afya wa mtaa. Na mu Zimbabwe kuna Benchi ya Urafiki ya munganga Dixon Chibanda: bibi wa mtaa anakaa na mgonjwa ku benchi nje ya kituo cha afya. Kule ugonjwa wanauita kwa neno lenye maana ya kuwaza sana. Sisi pia tunasema hivyo: ana mawazo mengi. Njia hizo mbili zinafaa mtu anayelemewa na madeni, ugomvi na wasiwasi, kabla hajazama.

Maswali ya kuuliza kabla ya kukubali

Kabla ya kura, komite ilinituma miye na mama mmoja wa watwangaji wa mawe twende ku kituo cha afya tuongee na APS. Tulikwenda na maswali yetu. Nayaweka hapa, yakateni muyaweke ku ukuta.

1. Njia yako inaitwa namna gani, na ni ya shida gani? Anayesema njia yake inatibu kila kitu, muage kwa heshima.

2. Ilipimwa wapi, na kwa watu gani? Si lazima awe na karatasi. Lakini ajue kujibu.

3. Ni mikutano mingapi, na tutajua namna gani kama inasaidia? Mtu mzuri anauliza maswali yale yale mwanzo, katikati na mwisho: unalala saa ngapi, unashtuka mara ngapi. Kama hakuna nafuu, anabadilisha.

4. Nani alikufundisha, na nani anakufuatilia leo? Semina ya siku mbili haitoshi. Hata mchimbaji wa zamani ana mtu wa kumshikia kamba.

5. Ninayosema yanabaki wapi? Na nikizidiwa, utanituma wapi?

Yule APS alitujibu bila kujisifu. Alisema alifundishwa matibabu ya kundi ya kuchambua mawazo, na kwamba kila wiki mbili anaongea ku simu na mkubwa wake juu ya kila mgonjwa. Tulipomuuliza kama anaweza kupokea mtu anayesikia sauti, alisema hapana, huyo anahitaji munganga na dawa. Mama mtwangaji aliniambia tukiwa njiani: « Huyu namwamini, juu anajua pale kazi yake inakwisha. »

Hilo ni kubwa. Mtu anayesikia sauti ao mwenye kifafa apelekwe ku hospitali. Bukavu kuna SOSAME, kituo cha Frères de la Charité tangu 1994. Ng'ambo ya mpaka, Bujumbura, kuna kituo cha Kamenge, pale barabara na mpaka vikiwa wazi. Na mtu akisema anataka kufa, usimwambie anatafuta kuhurumiwa. Muulize wazi, usimwache peke yake, ondoa kamba, wembe na dawa za wadudu ku nyumba, umpeleke ku hospitali siku ile ile. Kumuuliza hakumpi wazo. Kunamwonyesha kuna mtu anayemwona.

« Wanataka tutulie »

Mu komite kulikuwa na neno lingine, na lilitoka kwa kijana mkali ninayempenda. Alisema: « Mwenye shimo alikataa kununua mbao mpya. Sasa sisi tunalipa pesa yetu ili watu wapone kimya kimya? Wanataka tutulie. »

Sikumkatalia. Mbao kwanza. Motopompe kwanza. Mjane alipwe. Mazungumzo hayashiki udongo, na sendika ikianza kutoa matibabu mahali pa kudai usalama, tufunge mlango. Lakini nilimuuliza: nani alitoa ushahidi ku komite juu ya zile mbao? Hakuna. Yaya njo alijua yote, na Yaya hakuweza kufungua kinywa. Mtu asiyelala hadai haki yake.

Tulipiga kura: 11 kwa safari za kila wiki, 9 kwa semina.

Wiki kumi na mbili

Yaya alikwenda wiki ya kwanza juu nilimpandisha moto miye mwenyewe. Wiki ya tatu alikataa. Mama watoto alivaa kitambaa akamwambia: « Ukikataa weye, nitaenda miye kukaa ku kiti chako, niwaeleze ninachoona usiku. » Akaenda.

Alinieleza baadaye kitu kilichofanyika mu mkutano wa sita. APS alimuuliza: « Wazo linalokuuma zaidi ni gani? » Akajibu: « Nilimuua miye. » Hakumwambia acha kufikiri hivyo, wala haikuwa mapenzi ya Mungu. Alimuuliza: « Ile saa unamtuma, ulijua nini? » Mbao walizipima. Wote watatu walitoka chini dakika chache mbele, hakuna aliyeona alama. « Kama ungejua, ungemtuma? » Hapana. « Nani alijua kwamba mbao ni za miaka miwili? » Hapo Yaya alinyamaza sana. Kundi nalo likanyamaza. Hakuna aliyepiga kelele.

Aliniambia: « Nilimutuma, hiyo ni kweli, na itanihuzunisha mpaka kufa. Lakini kutuma na kuua ni maneno mawili. »

Kati ya ndugu 8, sita walimaliza. Mmoja alihama kutafuta kazi, mmoja aliacha na bado tunamtembelea. Sitawadanganya kwamba wote sita wamepona. Wanne wanalala. Mmoja yuko nusu. Mmoja ametumwa kwa munganga. Yaya analala ndani ya nyumba. Kanyanga amepunguza, hajaacha kabisa. Mu shimo hajarudi, na sitamsukuma: anafanya kazi juu, ku kusaga mawe. Mwezi wa tisa alisimama mbele ya komite, akaeleza habari ya mbao, tarehe kwa tarehe. Hayo maneno yameandikwa na yametiwa sahihi, na madai ya mjane mwingine wa shimo lile yanasimama juu yake.

Na siku moja bila kuambiwa na mtu, alichukua kilo ya ndagala, akaenda ku ule mtaa aliokuwa anauzunguka, akabisha hodi ku nyumba ya mama wa yule kijana. Alikuwa tayari kufukuzwa. Yule mama alimtazama, akamvutia kiti. Akamwambia: « Mwanangu, nilikuwa nakungojea. Weye njo ulikuwa wa mwisho kuongea naye. Nieleze alisema nini. »

Walikaa mpaka jioni.

Ndugu wachimbaji, na mama zetu mnaobaki ku nyumba: tunapima mawe kabla ya kuyanunua. Tupime na maneno tunayouziwa. Mtu wenu akipita mwezi bila kulala, msingoje alale ku baraza. Tafuteni kituo kilicho karibu, nendeni wawili, muulize yale maswali matano. Na komite zenye kasha ndogo kama yetu: kabla ya kukodi salle, hesabuni kwanza safari.